Kafi Lililovunjika Mara Mbili

Siku tuliyotoa nguo za marehemu ndugu yangu Swaleh, mimi na mkewe, katika nyumba yao ya ghorofa kule Tudor, nilivuta mlango wa chumba ili nifagie nyuma yake, na harufu ikanifika kabla jicho halijaona kitu. Sifa. Wa rika langu mliokulia Mji wa Kale hamhitaji kuelezwa. Wengine niwaambie kuwa ni mafuta ya maini ya papa, ambayo mafundi huvipaka vyombo vya baharini ili mbao zisioze. Inanuka hata mtu hugeuza uso. Mimi hainigeuzi uso. Hunirudisha chini ya ngazi za nyumba yetu ya Kuze, nimeketi, nasikiliza kama juu kumetulia.

Nyuma ya mlango palikuwa na nusu ya kafi, upande wa bapa. Mpini haukuwapo. Lilikuwa liking'aa kwa mafuta kama kwamba limepakwa juzi, na pale lilipokatikia bado yalionekana matundu ya waya. Nililishika nikakaa nalo kitandani. Nuru, wifi yangu, aliweka chini shati alilokuwa akilikunja. Alikuwa katika eda.

"Sikujua kuwa aliliweka," nikasema.

"Kila mwezi alilipaka mafuta. Mimi nikimpigia kelele kwa harufu yake. Lakini hili lilitangulia, wifi. Kabla ya sanduku langu kuingia nyumbani humu, hili lilikuwa limeshaingia."

Nitasimulia habari za kafi hilo, kwa sababu tumebaki mimi na Mama tu tunaozikumbuka, na Mama hasemi.

Baba alikuwa fundi wa vyombo vidogo. Alichonga makafi na kuziba mitumbwi iliyopasuka, akifanya kazi yake chini, mlangoni kwetu, na siku nyingine pwani karibu na ngazi za Bandari ya Kale. Sijaona mkono mpole kama wa baba yangu ulipokuwa juu ya ubao. Alikuwa akiupapasa mti kwanza, akaunusa, akauelekeza kwenye mwanga, akatafuta mishipa yake inaelekea wapi ndipo atie randa. Watu walisimama njiani kumtazama. Kisha mkono uleule ulikuwa ukipanda ngazi.

Sitaki kulipamba jambo hili. Alimpiga Mama. Alimpiga kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kiatu, kwa bakuli lililokuwa karibu. Akishamaliza kwa Mama alitugeukia sisi, na Swaleh zaidi, maana alikuwa mkubwa na hakuwa akilia. Sababu zake zilikuwa ndogo hata leo naona haya kuzitaja. Chumvi. Kuitika kwa kuchelewa. Dirisha lililoachwa wazi. Nilijifunza mapema kusikiliza miguu yake katika ngazi: ikiwa mizito na ya polepole tulikuwa salama, ikiwa myepesi nilikwenda kujibanza nyuma ya mtungi. Nyumba za kwetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani akipiga chafya unamwombea rehema bila kuondoka kitandani mwako. Walisikia yote. Wakiongeza sauti ya redio. Walisema nyumba ya mtu ni sitara yake.

Alasiri moja Baba alikuwa amemaliza kafi jipya la mninga, akalipandisha juu likauke sifa yake kivulini. Mama alikuwa amefua, kamba imejaa, akatundika leso moja mbichi juu ya lile kafi. Baba alipoingia alisimama mlangoni.

"Nani alotundika nguo mbichi juu ya kafi langu?"

"Ni mimi, Baba Swaleh. Niwie radhi."

Aliitoa ile leso. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kiti. Kisha akamshika Mama mkono na kumpiga kwa lile kafi begani. Alipiga, akapiga tena, akapiga tena, kwa ubavu wa kafi, kama mtu atwangaye, mpaka likakatika na lile bapa likaruka likapiga ukuta karibu na kichwa changu. Mama alikuwa chini. Mkono wake mmoja ulilala sakafuni vibaya, kama si wake.

Baba akaliokota bapa. Akapitisha kidole pale lilipokatikia. Uso wake ukaingia huzuni, huzuni ya kweli, sijamwona nayo hata alipofiwa na mamake.

"Mti mzuri huu," akasema. "Tazama. Mti mzuri huu. Nani alolivunda?"

Mama alikuwa akihema.

"Nauliza, nani alolivunda?"

"Ni mimi," Mama akasema.

"Sema wanao wasikie."

"Ni mimi nilolivunda."

Tangu siku hiyo kila kilichovunjika nyumbani Mama alikivunja yeye. Kikombe, kioo cha taa, jino la Swaleh. Mtu akiuliza, hata mgeni, Mama alikuwa amekwisha kujibu: ni mimi. Alisema hivyo hospitali pia, walipomfunga bega. Alisema ameanguka, kosa lake, ni yeye.

Haukupita muda ikafika Siku ya Mwaka. Mliokua nasi mnaikumbuka: ng'ombe huzungushwa mitaani kabla ya kuchinjwa, watu nyuma yake wakisoma na kuomba, ili mabaya yaliyomo mjini yatoke pamoja naye. Bibi yetu, mamake Mama, alinishika mkono tukamfuata yule ng'ombe. Alikuwa mweusi, ana doa jeupe kwenye paji, akinikumbusha mtu mtulivu aliyevalishwa kwa sherehe.

"Bibi, na mabaya ya ndani ya nyumba yatoka?"

Bibi aliukaza mkono wangu. Alijua ninachouliza. "Yote yatoka, mjukuu wangu. Inshallah yote."

Nilimtazama yule ng'ombe mpaka mwisho. Damu yake ilipoingia mchangani nilivuta pumzi, kwa sababu kwangu ilikuwa imekwisha. Tulirudi nyumbani, Mama akapika fungu letu la nyama. Baba alikula, akasifu, akanawa mikono. Akauliza nani aliyempa Bibi nyama nyingi kuliko ya mwenye nyumba. Mama akasema, "Ni mimi," na Baba akampiga na mikono ile ikiwa bado na maji.

Nilimkuta Swaleh juu ya paa, ameketi kwenye kivuli cha tangi. Mdomo wake ulikuwa umefura, maana alikuwa amejaribu kusimama katikati.

"Ng'ombe amezungushwa vibaya," nikamwambia.

"Vibaya vipi?"

"Amepitishwa mitaa yetu tu, akatindwa. Hakuzunguka mji wote. Ndiyo maana mabaya yamebaki."

Nilikuwa nalia. Nadhani alitafuta lolote la kuninyamazisha. "Si ng'ombe," akasema. "Ni Makupa."

"Makupa kuna nini?"

"Mji huu ni kisiwa, we Mwanasiti. Mabaya huondoka na maji. Lakini pale Makupa wamejaza mawe na mchanga wakafanya tuta, malori yapite. Maji yatoka huku kwetu, yapita Tudor, yakifika pale yagota, yarudi. Basi na mabaya yagota, yarudi Kuze."

Aliyazua papo hapo, najua sasa. Lakini mtoto akipewa sababu hushikilia sababu. Nikamwambia basi twende sisi. Tuchukue kihori, mtumbwi mdogo tu, tukizunguke kisiwa chote kwa maji, na pale palipozibwa tukibebe kihori tukipitishe juu, tukitie upande wa pili, tuje tutokee nyumbani kwa huku mbele. Tukishakamilisha duara, Baba hatapiga tena.

Swaleh akacheka kwa upande wa mdomo usiouma. "Wewe ni kichaa," akasema. Halafu akauliza, "Kihori gani?"

Hivyo ndivyo safari yetu ilivyoanza, na miezi ile ya kuipanga ndiyo miezi mizuri ya utoto wangu, ajabu ilivyo. Tulikichora kisiwa kwa mkaa juu ya sakafu ya paa, na tulipokisikia kikohozi cha Baba tuliimwagia ile ramani maji. Swaleh alijua maji. Alisema tutaondoka kwenye ngazi za Bandari ya Kale bahari ikianza kujaa, na maji yenyewe yatatubeba ndani, chini ya daraja la Nyali, mpaka Tudor, mpaka mkono wa bahari uwe mwembamba katikati ya mikoko, uende polepole kama mto. Hapo hata mtoto apiga kafi. Tufike Makupa maji yamejaa pomoni, ili kihori kiinuke karibu na barabara, tusipande mlima. Tukishavuka tuta, bahari iwe imeanza kutoka, ituteremshe upande wa bandari kubwa. Tushike ufuo, tusitazame meli. Feri tusubiri, kivuko kipite, ndipo tukate. "Na si siku za bamvua, maji yakijaa kupita kiasi," alisema, akikung'uta mkaa mikononi. "Bamvua itatutupa Lamu."

Kihori tulikipata. Kilikuwa kimelala pwani miongoni mwa kazi za Baba, cha mwembe, kidogo kama kitanda cha mtoto, mwenyewe hakurudi kukidai. Swaleh alikiziba nyufa kwa pamba na sifa, kama alivyoona Baba akifanya. Na kafi tulilotumia ndilo lile. Aliviokota vile vipande viwili, akatoboa matundu, akavifunga kwa waya wa shaba, akavipaka sifa mpaka vikang'aa. Nilimuuliza kwa nini asichukue zima, yalikuwapo. Akasema, "Hili halina mwenyewe. Mama ndiye alolivunda."

Alisema hivyo bila kucheka.

Kila jioni kabla ya magharibi alijizoeza. Alijaza mchanga kwenye gunia akalipandisha ngazi zote begani, akaliteremsha, akalipandisha. "Ni mazoezi ya kubebea kihori Makupa," aliniambia. Kisha alilichukua kafi na kupiga hewa nalo. Alisimama amepanua miguu, akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akalishusha. Akaliinua, akalishusha. Kifua chake kilikuwa kikitoa sauti kila aliposhusha. Mimi niliketi kando, navuta maji yangu ya kufikirika kwa kijiti, na hata mimi nilijua kwamba kafi haliingizwi majini kutoka juu ya kichwa. Nilidhani ndivyo maji ya bandari kubwa ya Kilindini yanavyotaka kupigwa.

Mama alipanda siku moja kuanua nguo, akamkuta. Aliiacha leso ikaanguka.

"Swaleh. Teremsha mkono, mwanangu."

"Najizoeza tu, Mama."

"Naona unachojizoeza." Akamsogelea, akampapasa lile bega lililoanza kuwa na nyama. "Teremsha. Kwa ajili yangu, wata hilo."

Nilifikiri anaiogopa bahari.

Tuliondoka siku ambayo Baba alikuwa amekwenda Jomvu kutengeneza mtumbwi wa mtu, kazi ya kutwa. Asubuhi ilikuwa nyeupe. Nilikuwa na mkate wa mofa na tende ndani ya mfuko, na moyo wangu ulikuwa umejaa kama wa mtu anayekwenda hija. Maji yalitubeba kama alivyosema. Tulipita chini ya daraja, magari yakinguruma juu yetu. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo ufuoni Tudor walituita, "Nyie, mwenda wapi na sufuria hiyo?" na Swaleh akawapungia. Kisha mikoko ikafunga pande zote, na kukawa kimya, na kafi likawa linaingia na kutoka, linaingia na kutoka. Aliniachia nipige. Sauti ya maji chini ya mbao ilikuwa karibu na masikio. Nilijisemea kwamba huko nyuma, kwa kila pigo, nyumba yetu inapungukiwa na kitu kibaya. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, na sijui kama nimeipata tena.

Tuta la Makupa tulilisikia kabla hatujaliona. Honi, injini, watu wanaouza. Kihori kikagusa mawe. Tulikivuta tukakipandisha kwa magogo tuliyoyaweka chini yake, nikapigwa na gogo ugoko, nikatoka damu, sikujali. Tukafika ukingo wa barabara tumekishika, yeye mbele mimi nyuma, na kafi nimelibana kwapani, na malori hayakomi.

Palikuwa na mama mmoja wa bara aliyechoma mahindi pale, watu wakimwita Mama Atieno.

"Ala! Nyinyi watoto! Hiyo jeneza ni ya nani?"

"Si jeneza, mama," Swaleh akasema. "Ni kihori."

"Na bahari imeisha mpaka mnaibeba?"

"Twataka kuvuka upande wa pili. Twazunguka mji."

"Mnazunguka mji na hakuna hata mtu mkubwa." Alitutazama, akatazama damu mguuni kwangu, akacheka akainuka. "Haya. Ngojeni niwasimamishie." Akaingia barabarani na kipepeo chake cha kupepea makaa, mwanamke mnene, hana haraka. "Simama! We wa lori, simama! Huoni meli inapita?"

Lori likasimama. Jingine likasimama nyuma yake. Mataniboi wa malori wakachungulia wakipiga mabati. "Nahodha! Tiketi shilingi ngapi? Chunga papa wa lami!" Watu walicheka na sisi tukacheka, tukaingia barabarani na chombo chetu. Tulikuwa katikati kabisa, nayaona tayari maji ya upande wa pili, nilipoona mlango wa lori la kokoto unafunguka na Baba anateremka.

Mwenye mtumbwi hakuwako Jomvu, ndiyo maana alirudi mapema. Na njia ya Jomvu kurudi mjini ni hiyo moja. Tulikuwa tumepanga maji, upepo, mikoko na meli. Hatukupanga kwamba anayerudi kutoka bara lazima apite juu ya tuta lilelile.

Hakupiga kelele. Alimwamkia Mama Atieno, "Hujambo, mama," akavua kofia yake akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akanipiga kofi. Sikulihisi kofi, nilihisi lami mdomoni na mchanga kwenye meno. Kihori kilianguka na nikasikia kikipasuka. Baba aliniinua kwa nywele na akaliona kafi, ambalo bado nilikuwa nimelishika.

"Hili kafi langu," akasema. "Nani alolitoboa? Nani alolitia waya?"

Damu ilikuwa imenijaa mdomoni. Nikajibu vile nilivyofundishwa nyumbani.

"Ni mimi."

Akainua mkono. Swaleh alilitoa kafi mikononi mwangu, na hapo nikaona. Alipanua miguu. Aliliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akalishusha. Nililijua pigo lile. Nilikuwa nimelitazama kila jioni kabla ya magharibi.

La kwanza lilimpata Baba begani, palepale alipompiga Mama. Baba aligeuka kwa mshangao tu, kama mtu aliyeitwa jina. La pili alilikinga kwa mkono na vidole vikalia, nilivisikia, sauti ya vijiti vibichi. Akapiga magoti. Swaleh akaendelea. Alipiga kichwa, alipiga mgongo, akitoa ile sauti kifuani. Waya ukakatika na kafi likaachana palepale lilipoachana mwanzo, na hakusimama, aliendelea na mpini. Baba alikuwa akisema, "Mwanangu, mwanangu." Honi zilikuwa zikilia. Damu ilitiririka usoni mwake ikaingia katika vumbi la kokoto, na mimi nikiwa nimekaa chini katika lami nilikumbuka yule ng'ombe mweusi, nikaelewa kwamba huyu ndiye wetu, tumemzungusha hadi hapa. Nikasubiri amalizwe. Nilisubiri kwa utulivu kabisa.

Mama Atieno ndiye aliyemkamata Swaleh kiunoni kwa nyuma akamwinua juu. "Wacha! Utaua baba yako! Mtoto, wacha, wacha!" Taniboi mmoja akampokonya mpini akautupa majini. Swaleh alikuwa akirusha miguu hewani. Kisha akaacha, akaanza kutapika, na yule mama akamshikia paji la uso kama mwanawe, akisema polepole, "Basi. Basi. Imekwisha."

Haikwisha, lakini ilibadilika. Vidole vya Baba viliunga vibaya. Aliweza kushika randa, aliweza kushika kijiko. Hakuweza tena kufunga ngumi wala kunyoosha kofi. Hakumpiga Mama tena. Mtaani walisema ametubu, Mungu amemwongoza, na msikitini walimsogeza safu ya mbele. Mimi niliishi naye. Ilikuwa ni vidole. Swaleh alipelekwa Likoni kwa mjomba na hakulala tena chini ya paa letu, na Baba hakulitaja jina lake. Kihori hatukukirudia, na bapa la kafi sikujua aliyeliokota. Nilipopita Makupa na miaka imepita nilikiona kimepinduliwa ukingoni, Mama Atieno amekikalia, anauza mahindi.

Na Mama akaendelea. Kikombe kikianguka: ni mimi. Mkono wa kumpiga haukuwako tena, ila maneno yaliendelea kutoka.

Nilimuuliza Nuru, tukiwa tumeketi katikati ya mashati ya Swaleh, kwa nini Swaleh aliingia nyumbani na kafi.

"Wiki ya harusi alinipa mkononi. Akaniambia, 'Nikiinua mkono juu yako, nipige kwa hili.' 'Mimi nalijua pigo lake.'"

"Uliwahi?"

"Mara moja. Kiganja kilifika hapa." Akaweka mkono hewani, karibu na shavu lake. "Hakikunigusa. Nikaenda nyuma ya mlango nikalichukua. Akapiga magoti, akanipa bega."

"Ukampiga?"

"Nilimpiga, wifi. Kwa nguvu zangu zote." Macho yake yalikuwa makavu. "Akasema ahsante. Akaenda kutawadha." Kisha akanisukumia lile bapa. "Lichukue wewe. Mimi sina wa kumpiga tena."

Nililifunga ndani ya leso nikatoka. Sikuwa nimepanga kitu. Miguu ndiyo iliyoshika njia ya Makupa. Lile tuta sasa limeondolewa, wameweka daraja, na maji yanapita chini yake kutoka upande huu kwenda ule, mtu asiyejua hawezi kudhani kwamba palikuwa pamefungwa. Nilisimama nikayatazama. Nilifikiri kulitupa. Lakini ubao huelea, na maji yanayotoka hurudi, na mimi si mtoto. Nikaenda mbele. Kufika Shimanzi magoti yalinigomea, nikapanda tuktuk hadi Feri, sioni haya kusema. Kutoka Feri nilitembea kwa upande wa bahari, nikapita ngome, nikaingia Mji wa Kale kwa huku mbele, kama tulivyochora.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, pale alipokuwa akichonga. Ni mzee sana sasa. Macho yamefifia, akili huja ikaondoka. Tumemwambia mara nyingi kwamba Swaleh amefariki, na kila mara hulia upya, kwa hiyo tumeacha. Mama alikuwa kwenye kidato cha chini cha ngazi, anachagua mchele kwenye ungo.

"Swaleh ametoka chuoni?" Baba akaniuliza.

"Bado, Baba." Nikalifungua lile kafi nikamwekea mapajani.

Vidole vyake vilivyopinda vikaanza kazi vyenyewe. Vilipapasa ubao, vikafuata mishipa yake. Akaliinua akalinusa, na uso wake ukafunguka.

"Limepakwa vizuri. Nani alolipaka?"

"Swaleh."

"Anajua." Akaendelea kupapasa hadi vidole vikafika mwisho, pale palipochanika, vikasimama. Huzuni ileile ikaingia usoni mwake, ya kweli kama zamani. "Mti mzuri huu," akasema. "Mti mzuri huu. Nani alolivunda?"

Mchele ukanyamaza kwenye ungo. Nilimwona Mama akifungua mdomo, na midomo yake tayari ilikuwa imeshika umbo la maneno yale mawili. Haikutoka sauti. Akaufunga. Akalitazama lile kafi, kisha akamtazama yule mzee, akauweka ungo chini.

"Ni wewe," Mama akasema. "Wewe, Baba Swaleh. Ni wewe ulolivunda."

Mkono wa Baba uliinuka kidogo kutoka juu ya ubao, ukabaki hewani na vidole vyake vilivyopinda.

Mama hakuinamisha kichwa.